Sumu Katika Chupa ya Soda

Katika maduka mengi ya mitaani, kuanzia Buguruni, Dar es Salaam, hadi Kisauni, Mombasa, mafuta ya taa huuzwa bila chombo. Mnunuzi huja na chupa yake, na chupa hiyo mara nyingi ilikuwa ya soda, ya juisi au ya maji ya kunywa. Muuzaji huweka faneli, akapima, akafuta mdomo wa chupa kwa kitambaa, akapokea pesa yake. Kizibo kikiwa kimepotea, hukunjwa karatasi ikachomekwa. Nyumbani chupa huwekwa chini, ubavuni mwa jiko, kwa kuwa hapo ndipo itakapohitajika jioni. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila hakuna pia aliyekumbuka kwamba katika nyumba ile yumo mtu wa mwaka mmoja na nusu, ambaye kuhusu chupa za namna ile amejifunza jambo moja tu: kwamba ndani mna kitu kitamu.

Makala haya yana dai moja. Kosa kubwa la wazazi wengi si kuwa na sumu nyumbani. Nyumba gani leo haina jiki, dawa ya choo, sumu ya panya, dawa ya mende? Kosa ni kuitoa sumu katika chombo chake na kuitia katika chombo cha kinywaji au chakula. Mwenye kufanya hivyo amemdanganya mtoto wake bila kufungua kinywa. Kisha mtoto akinywa, watu husema alikuwa mtundu.

Utundu hauhusiki hapa. Mtoto anayetambaa hulijua jambo kwa kulitia mdomoni. Ndivyo alivyoumbwa, na asingefanya hivyo wazazi wangempeleka hospitali kuuliza ana nini. Akianza kutembea hufuata kile mama anachokishika. Na kwa kuwa mwili wake ni mdogo, funda ambalo lingemtia mtu mzima kichefuchefu tu laweza kumlaza yeye wodini. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika ripoti yao ya mwaka 2008 kuhusu ajali za watoto, walikadiria kwamba mwaka 2004 watoto na vijana wa chini ya miaka 20 zaidi ya 45,000 walikufa duniani kwa sumu, na mzigo mkubwa uliziangukia nchi zenye kipato kidogo. Katika nchi hizo mafuta ya taa hutajwa miongoni mwa vitu vya kwanza.

Inafaa kuyasimulia mafuta hayo kwa urefu, maana wengi huyaogopa kwa sababu ya moto na kuyadharau yanaponywewa. “Alikunywa kidogo tu,” husemwa. Lakini madhara makubwa ya mafuta ya taa hayako tumboni. Yako kwenye mapafu. Mafuta haya ni mepesi na hutambaa upesi sana. Mtoto akipiga funda, ladha humkaba, hukohoa, na katika kule kukohoa matone huteleza yakaingia katika njia ya hewa. Kiasi kisichojaza kijiko cha chai, kikifika mapafuni, hutosha kuleta nimonia ambayo haikutokana na kijidudu chochote. Mtoto aweza kuonekana mzima kwa saa moja au mbili, akacheza, kisha pumzi ikaanza kubana. Ndiyo maana madaktari humbakiza chini ya uangalizi kwa saa kadhaa hata kama anacheka.

Hapa ndipo mapenzi ya jirani yanapoongeza madhara. Habari ikienea uani, mmoja huleta maziwa, mwingine mawese, mwingine maji ya chumvi, na bibi mwenye uzoefu hutia kidole kooni ili mtoto atapike. Kila mmoja anataka kumwokoa. Lakini kutapika ni kuyapitisha mafuta yale kooni mara ya pili, na kuyapa nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Maziwa na mafuta ya kula hayaivunji sumu hii; humjaza tumbo na kumharakishia kutapika. Linalotakiwa ni dogo kuliko hayo yote: avuliwe nguo zilizolowa, ngozi ioshwe kwa sabuni na maji, asilazimishwe kunywa wala kutapika, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Sumu ikiwa imeingia machoni, macho yasafishwe kwa maji safi mengi kwa robo saa au zaidi, na kipimo cha muda kiwe saa, si machozi ya mtoto.

Kostiki ni habari nyingine, na pengine mbaya zaidi. Wanaotengeneza sabuni nyumbani huifahamu: vipande au unga mweupe, ambao mtoto hawezi kuutofautisha na sukari au chumvi. Ikigusa mdomo na umio huunguza nyama. Mtoto akipona, kidonda huacha kovu, kovu likakaza njia ya chakula, naye akaanza safari ya miaka ya kurudi hospitali kutanuliwa umio ili uji upite. Wapo wanaolishwa kwa mrija uliopitishwa tumboni. Kumtapisha mtoto wa namna hii ni kumuunguza mara mbili. Dawa kali za kusafishia choo na maji ya betri ni tindikali. Nazo zina ukatili wao. Na tukiwa hapo, jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo kwa kudhani usafi utaongezeka, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nalo bafu la nyumba ya kupanga halina dirisha la kutosha kuitoa.

Sabuni ya maji imeleta mtihani mpya. Ni biashara halali, imewainua akina mama wengi, na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini itazame ilivyo: kijani, bluu, manjano, ina harufu ya ndimu, na imejazwa katika chupa ya maji ya kunywa iliyookotwa na kuoshwa. Ikiwekwa juu ya meza pamoja na juisi ya ukwaju, hata mgeni mtu mzima angesita. Ile ya kuoshea vyombo kwa kawaida humletea mtoto povu na kutapika, ingawa povu likiingia mapafuni hudhuru pia. Yanayotisha zaidi ni majimaji mengine yanayouzwa na muuzaji yuleyule, katika chupa zilezile, ya kung'arishia masinki na vyoo.

Shambani mambo hayako tofauti. Mkulima asiye na uwezo wa kununua lita nzima ya dawa ya wadudu hupimiwa robo katika chupa ya dawa ya kikohozi au ya konyagi. Nyingi ya dawa hizo ni za jamii inayoshambulia mishipa ya fahamu: mate humtoka mtoto bila kukoma, jasho humwagika, mboni za macho hunywea zikawa kama tundu la sindano, pumzi hukwama. Ipo tiba, atropini, na hospitali nyingi zinayo. Lakini daktari anataka kujua amekunywa nini. Huletewa chupa ya kikohozi yenye majimaji ya rangi ya maziwa yasiyo na jina. Lebo iliyobaki dukani ilikuwa na jina la kemikali, kiasi chake na maelekezo ya matibabu. Ndiyo barua pekee ambayo mtengenezaji alimwandikia daktari asiyemjua, na mpimaji aliizuia isifike. Mtoto hajui kusoma, ni kweli, na mchoro wa fuvu haumtishi. Lebo haikuandikwa kwa ajili yake.

Vidonge vya kufukizia mahindi havihitaji hata kumezwa. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo haina dawa ya kuibatilisha. Familia inayolala chumba kimoja na magunia yaliyotiwa vidonge hivyo imelala na hatari hata kama mlango una kufuli tatu. Na vidonge vyeupe vya naftalini, ambavyo watu hutia kabatini kufukuza wadudu wa nguo, mtoto huvidhania pipi. Kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida katika maeneo ya malaria, kimoja tu chaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki vimo pia katika hesabu ya vidonge vya hatari. Mama huviona ni afya, na kwake ni afya. Mtoto akivimeza vingi, madini ya chuma yaweza kumuua.

Wako watakaosema: sisi huweka juu. Juu ya nini? Mtoto wa miaka miwili na nusu husogeza kigoda, hupanda ndoo, hupanda kigoda juu ya ndoo. Kuweka juu ni vyema kuliko uvunguni, lakini kimo pekee hununua miezi michache tu. Wengine hutegemea vizibo vya kisasa ambavyo sharti uvibonyeze ndipo uvizungushe. Historia yake yafaa kujulikana. Daktari wa watoto Henri Breault wa mji wa Windsor, nchini Kanada, alichoshwa na kuwapokea watoto waliomeza vidonge vya nyumbani, akahimiza kibuniwe kizibo ambacho mkono wa mtoto hauwezi. Kilipatikana mwaka 1967, visa vikaporomoka katika mji ule, na mwaka 1974 jimbo la Ontario likakifanya cha lazima. Marekani ilikuwa imetunga sheria yake mwaka 1970. Hata hivyo, kipimo cha Marekani kinahesabu kizibo kuwa kimefaulu ikiwa watoto 80 katika 100 wameshindwa kukifungua kwa dakika kumi. Maana yake, 20 wanaweza kufungua na kizibo bado kikaitwa salama. Kizibo humchelewesha mtoto ili mzazi amuwahi, basi.

Pamoja na hayo, kuchelewesha kuna thamani yake, na mfano ulio karibu nasi zaidi unatoka Afrika Kusini. Katika wilaya ya Gelukspan kaya ziligawiwa vyombo vya mafuta ya taa vyenye vizibo vya namna hiyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba visa vya watoto kunywa mafuta vilipungua karibu nusu. Watu hawakubadilishiwa nishati, wala hawakujengewa nyumba mpya. Kilichobadilika ni chombo.

Asiye na stoo asikate tamaa. Mwenye chumba kimoja na sebule aweza kutenga sanduku moja la mbao au ndoo yenye kifuniko, akaitia kufuli ya bei ndogo, akaiweka mbali na chakula na mbali na jiko. Mafuta ya taa yawe na galoni lake moja, la rangi moja, lisilowahi kubeba maji na lisilotumika kwa kingine. Kikombe cha kupimia sumu kisirudi jikoni hata kikioshwa mara saba. Na saa ya hatari ijulikane: ni wakati kitu kinapotumika, si wakati kimehifadhiwa. Mama anamimina, simu inaita au mgeni anabisha hodi, chupa inabaki wazi sakafuni. Siku za joto, mtoto ana kiu.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Neno “majumbani” limo ndani ya jina lake, na lingepewa uzito unaolingana na “viwandani” ikiwa elimu hii ingefika kwa mwenye duka la mtaani na mwenye duka la pembejeo kama inavyofika kwa waagizaji wakubwa. Viongozi wa mitaa, walimu wa madrasa na wahudumu wa kliniki za watoto hawahitaji bajeti kulisema jambo hili.

Wazazi, basi, wakague vyumba vyao leo kabla jiko halijawashwa, na kila chupa ya kinywaji iliyotiwa kisichonyweka itolewe. Ambayo haijulikani ina nini isionjwe wala isinuswe, na isimwagwe kisimani wala mtaroni. Iwekwe chini ya kufuli mpaka aulizwe anayejua. Nao wenye maduka watusaidie hapa: wakiletewa chupa ya soda ijazwe mafuta ya taa, waikatae, wamwambie mteja arudi na galoni.