Kadi Si Ankara

Nina ugomvi na kadi za harusi za siku hizi, na ninausema mapema ili asiye na muda ajue tunakoelekea. Kadi inayofika mikononi mwetu Karagwe na Kyerwa, ile ya karatasi inayong'aa, maandishi ya rangi ya dhahabu na namba ya simu ya mweka hazina, imeacha kuwa mwaliko. Ni ankara. Na dawa yake, ambayo wengi mtaicheka, ni mkasi, gundi na karatasi ya manila.

Tuangalie kwanza inavyofanya kazi. Huanza kuja kadi ya mchango. Jina lako limejazwa kwa kalamu juu ya nukta, chini yake kuna majina ya wazazi na maharusi, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, na namba za kutumia pesa. Ukikaa kimya, simu inaita: "Mwanangu, ahadi yako tuandike ngapi?" Ukiahidi unaandikwa. Ukilipa unawekewa alama. Wiki moja kabla ya sherehe inakuja kadi ya pili, ya kuingilia ukumbini. Aliyetoa kiasi fulani anapewa ya mtu mmoja, aliyetoa zaidi anapewa ya watu wawili, na mlangoni amesimama kijana mwenye suti anayekagua. Siku hizi ipo hata ya kwenye simu, yenye msimbo wa kuskani, kama vile unaingia uwanja wa mpira.

Najua utakachosema. Mchango ni kusaidiana, na bila kamati familia nyingi zisingeweza kumwozesha mtoto wao. Ni kweli. Mimi mwenyewe nimechangia na nitachangiwa. Ugomvi wangu ni kwamba vitu viwili vimefungwa kamba moja: kusaidiana na kualikana. Kusaidiana kunahesabiwa kwa pesa, na hakuna ubaya. Kualikana kulihesabiwa kwa watu. Tulipoviweka vyote juu ya kadi moja, pesa ilimla mtu.

Huku kwetu fedha ina msimu. Kahawa ikishavunwa, ikakaushwa na kupelekwa kwenye chama cha msingi, nyumba nyingi zinapumua. Kabla ya hapo zinangoja. Kadi za mchango hazingoji. Ndipo inapopata nafasi butura, ule mtindo wa kumuuzia mtu kahawa ingali mtini, kwa bei anayoitaka yeye. Serikali imeikataza, lakini shida haisomi matangazo. Watu huuza kwa butura kwa sababu ya ada, ugonjwa au msiba. Nimewasikia pia walioiuza kwa sababu walishatajwa mbele ya kamati na hawakutaka jina lao lisomwe bila alama.

Na wapo wasio na cha kuuza. Bibi mmoja, jirani yetu, alitoa shambani kwake migomba miwili yenye mikungu ili isimikwe langoni siku ya harusi ya kijana aliyemwona akizaliwa. Alifika alfajiri kumenya ndizi, akachochea moto hadi mchana. Jioni msafara wa magari ulipoondoka kwenda ukumbini Kayanga, yeye alirudi kwake. Nilipomuuliza kwa nini haendi, alijibu maneno mawili tu: "Sikuletewa kadi." Hakulalamika. Alikuwa ameielewa sheria mpya kuliko sisi tulioitunga. Jasho lake lilipokelewa, lakini halikuandikwa kwenye daftari la mweka hazina, kwa hiyo halikumpatia kiti.

Sasa kuna wanaoniambia kwamba kadi ya kiwandani ni heshima, na ya mkono ni ushamba. Hao nawakumbusha kadi ya kiwandani ilikotoka. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole, mtumishi wa serikali mwenye shughuli nyingi, alikuwa na marafiki wengi wa kuwaandikia barua za sikukuu na hakuwa na muda. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee picha moja, zikachapwa nakala zipatazo 1,000, na za ziada zikauzwa kwa shilingi moja moja ya huko. Kwa maneno mengine, kadi ya kuchapwa ilizaliwa ili kumwokoa mtu na kazi ya kuandika. Haikuanza kama heshima. Ilianza kama njia ya mkato, na njia ya mkato ikivishwa rangi ya dhahabu inabaki kuwa njia ya mkato.

Marekani nako yupo mama aliyeuona mtego huu mapema. Anna Jarvis ndiye aliyeipigania Siku ya Mama, kuanzia ibada ya mwaka 1908 hadi Rais Woodrow Wilson alipoitangaza rasmi mwaka 1914. Alitaka kila mtoto amkumbuke mama yake kwa namna yake mwenyewe. Wafanyabiashara wa kadi, maua na peremende waliichukua siku hiyo kama nzige walioona shamba. Jarvis alitumia miaka iliyobaki ya maisha yake akipambana na siku aliyoianzisha mwenyewe, akiwaambia watu waandike barua kwa mkono wao. Alikufa mwaka 1948 akiwa hana kitu. Kadi zilishinda. Lakini kushinda si kuwa na haki.

Upande mwingine wapo wazalendo. Hawa wanasema kadi zote, za mkono na za mashine, ni mambo ya Wazungu, na Mhaya au Mnyambo hakuhitaji karatasi ili kumwalika mwenzake. Alitumwa mtu, akafika, akasalimia, akasema neno. Nakubaliana nao nusu. Ni kweli kilichoalika kilikuwa mguu uliotembea na mdomo uliotaja jina. Lakini ukiniuliza ni kitu gani leo kinachokaribia zaidi mguu ule, sitakuonyesha picha iliyotumwa WhatsApp kwa watu 300 kwa kubonyeza mara moja. Nitakuonyesha kadi ambayo mtu alikaa chini akaikunja, akaikata, akaandika jina lako akikufikiria wewe. Karatasi ni ya kuja, kama mahindi na muhogo vilivyokuwa vya kuja. Tulichofanya na muhogo tunaweza kukifanya na karatasi.

Tena tumeshakifanya. Ingia kanisa la kijijini mkesha wa Krismasi, Kaisho au Nkwenda, kabla mpambaji wa kukodi hajafika. Utaona karatasi za chooni zilizosokotwa zikavutwa kutoka boriti hadi boriti. Utaona vipembe vya karatasi za rangi vilivyobandikwa kwenye uzi kwa gundi ya unga uliopikwa. Utaona maua: karatasi laini zimepangwa tabaka kadhaa, zikakunjwa kama feni, zikafungwa uzi katikati, kisha kila tabaka likavutwa juu taratibu mpaka ua likafumka. Kalenda za mwaka uliopita, zile ambazo hazikuishia kuwa majalada ya madaftari, zimekatwa vipande na kugeuzwa minyororo. Hakuna aliyewafundisha vijana wa kwaya haya kwenye semina. Yamepita mkono kwa mkono, na jioni ile ya kukata na kubandika ndiyo iliyowafanya wajuane.

Tunachoendea mbio badala yake ni nini? Maua ya plastiki ya kukodi, yaleyale yaliyokuwa kwenye harusi ya wiki jana na yatakayokuwa kwenye sendofu ya wiki ijayo. Tarehe 1 Juni 2019 nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, tukashangilia. Plastiki iliyofukuzwa sokoni tumeikaribisha meza kuu.

Jambo linaloniumiza zaidi ni hili. Kazi ya mkono tunayoidharau sisi kwa sisi tunaisifu pale mnunuzi anapokuwa mgeni. Zile kadi zenye twiga au mwanamke aliyebeba mtungi, zilizotengenezwa kwa maganda makavu ya mgomba, unazijua. Zinauzwa kwenye maduka ya watalii Arusha, Nairobi na Kampala. Iringa, mradi wa Neema Crafts wa Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ulianza mwaka 2003 na vijana wachache viziwi waliojifunza kutengeneza karatasi kwa mikono, na karatasi yao ya kinyesi cha tembo imepata sifa mbali. Ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Uganda, wanawake wa Kampala waliviringisha karatasi kuukuu zikawa shanga, na kuanzia mwaka 2004 shirika la BeadforLife liliziuza Marekani. Siwalaumu hata kidogo. Wametafuta riziki, wameipata. Swali langu ni kwetu. Mgomba uko nyuma ya nyumba zetu zote, kutoka Bweranyange hadi Murongo. Kwa nini ganda lake liwe zuri likifika Arusha na liwe takataka likiwa Omurushaka?

Jibu ni aibu, na aibu hii tulifundishwa. Shule ya msingi tulikuwa na somo la Stadi za Kazi. Tulikata, tulifuma, tulibandika, na kila mtoto alijua kwamba somo lenyewe ni Hisabati na hayo mengine ni ya kupumzisha akili. Kadiri ulivyofaulu ndivyo ulivyosogezwa mbali na mkasi. Leo msomi wa chuo kikuu anaona fahari kusema hajui kuchora. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 una Sanaa na Michezo, na ninautakia heri, lakini mtaala hauwezi kumponya mtoto anayemwona shangazi yake mwenye shahada akiicheka kadi aliyomtengenezea.

Ukisema kazi hii ni ya chekechea, nitakutajia Mary Delany, Mwingereza wa karne ya 18. Alianza kukata karatasi za rangi na kuzibandika ziwe picha za maua akiwa na umri wa miaka 72. Alifanya karibu picha 1,000 kabla macho hayajamwangusha, na ziko hadi leo katika jumba la makumbusho la British Museum. Hata hivyo sidai sote tuwe Delany. Nadai tuache kujificha nyuma ya neno "sina kipaji".

Wala muda si kisingizio. Piga hesabu nami. Karatasi moja kubwa ya manila ukiikunja nusu mara nne inatoa vipande 16, na kila kipande kikikunjwa katikati ni kadi. Manila 13 zinatoa kadi 208. Kamati ya watu kumi, kila mmoja akitengeneza 21, inamaliza harusi nzima na zaidi. Kamati zetu hukutana jioni ngapi, zikisubiri wachelewaji kwa soda? Ganda la mgomba halina bei: ulichubue likiwa limekauka, ulipanguse, ulilaze usiku mmoja chini ya vitabu vizito, kesho ulikate kwa wembe. Rangi zake zinaanzia krimu hadi kahawia iliyokolea, na huhitaji kupaka chochote. Unga wa ngano kijiko, maji, moto mdogo, una gundi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na naomba hasa kwenu mnaokaribia kuoa na kuolewa, kwa maana ndio mtakaoandika sheria inayofuata. La kwanza, mchango ubaki mchango: ujumbe wa simu unatosha, na daftari la mweka hazina lisisomwe mlangoni. La pili, mwaliko utengenezwe kwa mkono, utajwe jina, na umfikie kwanza yule asiye na cha kuchangia, kwa kuwa mwenye nacho atakuja tu. La tatu, langoni na ukumbini virudi vilivyo vyetu, mgomba na karatasi, vikipambwa na watu watakaokaa humo.

Waliokwenda mbali watumiwe ya simu, sina shida nao. Mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, mtumie mdogo wako kadi ya heri uliyoikata mwenyewe, hata kama pembe zake haziko sawa. Usiogope kwamba itaonekana rahisi. Kadi ya dukani ina bei, na mpokeaji anaijua. Ya mkono haina, na ndiyo maana haimwachii deni.

Halafu msimu ukifika, kahawa ikishauzwa kwa bei yake na si kwa butura, na majina yakianza kuorodheshwa, waulize wenzako kwenye kamati swali moja kabla ya lile la ahadi: ni nani amemenya ndizi za nyumba hii miaka yote, na kadi yake anaikata nani?