Bahari Nyeusi: manowari za Urusi zilifunga njia ya ngano, kwa nini kizuizi hicho hakikudumu?

Tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, vita vilianza pia baharini. Kikosi cha manowari cha Bahari Nyeusi, chenye makao makuu Sevastopol huko Crimea, kiliteka Kisiwa cha Nyoka na kukata njia ya Odesa na bandari za jirani. Meli za biashara zilikwama. Kufikia katikati ya mwaka, tani zipatazo milioni 20 za nafaka zilikuwa zimelala ghalani.

Urusi haikutangaza rasmi kizuizi cha baharini. Moscow ilisema shida ni mabomu ambayo Ukraine yenyewe iliyatega majini. Ni kweli Ukraine iliyatega, kwa kuogopa askari wa Urusi kushuka kwenye ufuko wake. Lakini kwa mwenye meli jibu lilikuwa moja: manowari ziko mbele, bima imepanda au haipatikani, safari hakuna. Kizuizi hakihitaji kuzamisha kila meli. Hofu inatosha.

Wakaaji wa Goma, Bukavu na Butembo wanaelewa jambo hili bila kuelezwa sana: barabara ikikatwa, bei sokoni inapanda siku hiyo hiyo. Kongo hailimi ngano ya kutosha, na unga wa mkate unategemea soko la dunia. Mwezi Machi 2022, bei za vyakula duniani zilivunja rekodi katika hesabu za FAO. Mwezi Juni, Macky Sall, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikwenda Sochi kumweleza Vladimir Putin wasiwasi wa bara hili.

Tarehe 22 Julai 2022, Umoja wa Mataifa na Uturuki walifanikisha mapatano ya Istanbul. Meli ya kwanza, Razoni, iliondoka Odesa tarehe 1 Agosti ikiwa imebeba mahindi. Karibu tani milioni 33 zilipita katika mwaka mmoja, hadi Urusi ilipojitoa tarehe 17 Julai 2023. Mwezi uliofuata, manowari Vasily Bykov ilifyatua risasi za onyo na askari wake wakapanda na kukagua meli ya mizigo Sukru Okan.

Wengi walidhani njia imefungwa tena. Haikuwa hivyo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni Uturuki. Kwa kutumia mkataba wa Montreux wa 1936, Ankara ilifunga milango ya Bosporus na Dardanelles kwa manowari za nchi zinazopigana. Urusi ikipoteza manowari, haikuweza kuleta nyingine kutoka bahari za mbali.

Ya pili ni makombora na mashua ndogo zisizo na watu ndani. Moskva, manowari kuu ya kikosi hicho, ilizama Aprili 2022. Mwishoni mwa Juni, Urusi ikaondoka Kisiwa cha Nyoka. Mwezi Septemba 2023, makao makuu ya Sevastopol yalipigwa, na manowari nyingi zikahamia Novorossiysk, mbali zaidi upande wa mashariki. Wakati huo meli za biashara zilikuwa zimeanza kupita kandokando ya pwani ya Romania na Bulgaria, bila ruhusa ya Moscow.

Tangu Azimio la Paris la 1856, sheria inasema kizuizi lazima kiwe na nguvu kweli ili kiheshimiwe: anayefunga bahari awe na uwezo wa kukaa hapo. Kikosi cha Urusi kilipolazimika kukaa mbali, kizuizi kikaisha nguvu, ingawa mpinzani wake hakuwa na manowari kubwa hata moja.

Hatari haijaisha, kwa kuwa bandari za Odesa zimeendelea kupigwa kutoka angani. Kila ghala linaloungua huko linaongeza gharama, na sehemu ya gharama hiyo inalipwa na mnunuzi wa mkate ambaye hajawahi kuiona Bahari Nyeusi.