Mtoto akiuliza, "Je, ikishindikana?"

Wazazi wenzangu, nanyi wanafunzi wetu,

Majumbani kwetu mtoto akiuliza, "Mama, treni ikikwama na mimi niko peke yangu, nifanyeje?" mara nyingi hujibiwa, "Usijitabirie mabaya!" Mimi jibu hilo silikubali.

Mtazameni Christer Fuglesang, mzaliwa wa hapa hapa Stockholm, Mswidi wa kwanza kwenda angani. Desemba 2006 alisafiri na chombo cha Marekani, Discovery. Kule juu, paneli za sola za kituo cha kimataifa ziligoma kukunjika. Walikuwa wamepanga kutoka nje mara 3. Ikabidi iongezwe ya 4, Fuglesang na mwenzake Robert Curbeam wakatoka kuzikwamua. Safari ikarefuka siku moja, na siku za akiba za kurudi zikapungua.

Kurudi ndiyo kazi hasa. Chombo kile kikishawasha injini kupunguza mwendo ili kishuke, hakuna kughairi. Kinateremka kwa mabawa tu, na hakiwezi kupaa tena kujaribu mara ya pili. Tarehe 22 Desemba, Florida kulikuwa na mawingu na mvua, California upepo. Lakini viwanja 3 vilikuwa vimeandaliwa, hata cha White Sands, New Mexico, kilichokuwa kimetumika mara moja tu, mwaka 1982. Nafasi ya kwanza wakaiacha ipite. Baadaye anga la Florida likafunguka, wakatua salama wote 7. Hakuna aliyewaambia watu wa New Mexico kwamba wamejitabiria mabaya.

Mimi ni muuguzi. Wodini tunafanya mazoezi ya kuushtua moyo kwa kutumia mdoli: nani anakandamiza kifua, nani anapiga simu. Sijaona bado mgonjwa aliyezidiwa kwa sababu tulifanya mazoezi.

Wengi wetu tunafanya kazi za zamu, simu ziko kabatini. Je, mwanao anaijua namba ya shangazi yake kwa kichwa? Anajua 112 ni ya nini, na anaweza kutaja anwani ya nyumbani? Simu yake ikiisha chaji, aende kwa jirani yupi? Kaeni mezani mkubaliane, na watoto waseme, maana wao ndio watakaokuwa pale kituoni.

Jumamosi ijayo darasa langu tunafanya -ki-. Kila mwanafunzi aje na sentensi 3 za nyumbani kwao: "Mama akichelewa, nita..." Mzazi atie sahihi chini. Zile zilizoandikwa ndani ya treni asubuhi hiyo hiyo huwa nazitambua.