Mtoto Aliyetoka Goma



Juma hili tulikuwa tumepanga kuandika juu ya madaftari na sare za shule. Tumeyaweka kando. Kuna neno moja lililosemwa uwanjani mwa shule ambalo limetunyima usingizi, na tunaona afadhali tulizungumze hapa, kati yetu, kabla halijazaa mengine.

Nyumbani kwetu tunaishi na binti wa miaka 17. Ni mtoto wa yaya yetu aliyeolewa Goma. Alikuja Butembo kabla ya masomo kuanza, ili amalizie hapa mwaka wake wa sita wa sekondari. Zamani angepanda gari asubuhi, akapita Rutshuru, Kanyabayonga, Kirumba na Lubero, kilomita kama 300, akafika. Sasa njia hiyo imekatwa na vita. Alizunguka Uganda pamoja na mama mmoja mchuuzi, jirani yao, wakaingilia Kasindi. Alifika na mfuko mmoja, buletini zake za shule zikiwa zimefungwa ndani ya plastiki, na kilo mbili za sambaza kavu ambazo mama yake alikataa kabisa zibaki.

Siku ya nne darasani, wavulana wawili walimwita "M23". Wengine wakacheka. Tangu siku ile likawa ndilo jina lake. Akikosea hesabu ubaoni: "M23 imeshindwa." Akikaa peke yake na simu: "Anapeleka habari." Yeye hakutuambia kitu. Tulisikia kwa mtoto wa jirani.

Ingekuwa rahisi kuandika hapa juu ya wavulana wale na malezi ya siku hizi. Lakini ukweli ni kwamba sisi ndio tulianza. Jioni ile alipofika, tukiwa mezani, na wageni wawili wapo, tulimuuliza: "Na ninyi, kwa nini mlibaki kule?" Mkono wake ukasimama juu ya bugali. Akasema, "Sijui, mama mdogo," akaomba ruhusa ya kwenda kulala. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto mgeni haulizwi mambo yake mbele ya watu, maana mbele ya watu swali hugeuka kuwa mashtaka. Shuleni tunaikumbuka kanuni hiyo. Nyumbani tuliisahau.

Jibu lilikuja polepole, siku za Jumamosi, tukitwanga sombe au tukichambua maharagi. Ametupa ruhusa tuwaeleze.

Goma wengi wenu mnaifahamu. Ni mji wa ziwa, wenye kelele na wenye kazi. Viazi, maharagi na kabichi za Lubero vilikuwa vikiteremka kule, na bidhaa zikipanda huku. Mnakumbuka chukudu zilizojaa makala zikishuka mbio, soko la Virunga, msongamano wa Birere, na Kituku, mahali mashua zinapotia mizigo ya Minova na Idjwi. Ni mji ambao moto wa Nyiragongo uliupasua katikati Januari 17, 2002, na watu wakajenga tena juu ya mawe yaleyale meusi. Mei 2021 mlima ukatapika tena, na watu wakakimbia, kisha wakarudi.

Na taabu haikuanza mwaka huu. Tangu Februari 2024, vita vya Sake vilipoifunga njia ya Minova, chakula kingi kilipita majini. Oktoba 3, 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa pwani wakisubiri ndugu zao na mizigo yao. Binti yetu alikuwa na rafiki darasani aliyempoteza shangazi siku ile.

Kisha ikaja Januari 27, 2025, M23 walipoingia mjini. Tulipomuuliza juu ya siku zile tulitegemea atazungumza juu ya mabomu. Alisema, "Kila mtu ananiuliza risasi. Mimi ninakumbuka bidoni." Umeme ulikatika, na bila umeme pampu za maji zilisimama. Mji mzima ulianza kuteremka ziwani na bidoni za njano. Kwao ni upande wa juu, mbali na maji. Alikuwa akienda na kaka yake mdogo, wakirudi na bidoni mbili, wakipumzika kila njia panda. Maji ya ziwa yakinywewa hivihivi huleta kipindupindu, lazima yachemshwe au yatiwe dawa. Na makala yalikuwa machache. Kwa hiyo kila asubuhi mama yake alikuwa na swali moja: makala haya yachemshe maji au yapike maharagi? Akaweka sheria nyumbani: maji kwanza, chakula baadaye. Kuna siku walikunywa vizuri wakalala na njaa.

Baadaye umeme ulirudi, na maji. Lakini benki zilikuwa zimefungwa, na zilibaki zimefungwa miezi na miezi. Ninyi mnaopokea mshahara kwa benki mnaelewa maana yake. Pesa iko, lakini huifikii. Watu walitegemea pesa ya simu, na ukitaka kuitoa, wa kioski anakata sehemu yake. Noti mpya haziingii, za zamani zinachakaa mikononi, na iliyochanika inakataliwa. Yaya yetu anauza sambaza kwa kipimo cha bilauri. Alipokosa pesa ndogo ya kurudisha, alirudisha sambaza: kijiko kimoja badala ya franga 100. Wateja walizoea. Wengine aliwaandika kwenye daftari la deni, na daftari hilo, anasema binti, limekuwa nene kuliko Biblia ya bibi.

Bibi huyo ndiye tuliyemsahau tulipouliza swali letu. Ni mama wa shemeji yetu. Hatembei tangu miaka mitatu. Angebebwa na nani, na kwa njia ipi?

Katikati ya hayo yote watu waliendelea kuishi. Harusi zilifungwa, ila saa sita mchana badala ya jioni, ili wageni wafike nyumbani kabla ya giza. Kwaya ilihamisha mazoezi. Watoto walicheza mpira Jumapili. Februari ile makambi yaliyozunguka mji yalivunjwa, na mama mmoja wa Masisi aliyekuwa akiwasukia nywele kwa bei ndogo alipita kuaga, turubai lake mgongoni, asijue kama nyumba aliyoikimbia bado imesimama.

Jumamosi ya tatu, bila sisi kurudia swali, binti alilijibu. Alisema, "Mama mdogo, ulisema tulibaki. Sisi hatukubaki. Tulikuwa nyumbani. Ni wao waliokuja."

Wamama, tangu siku hiyo tunalitafakari neno hilo. Sisi wa Butembo na Lubero tungepaswa kulielewa kuliko wengine. Kanyabayonga ilipochukuliwa mwishoni mwa Juni 2024, barabara yetu ilijaa watu wa Kayna, Kirumba na Kaseghe, magodoro kichwani. Desemba ileile, vita vilipofika Alimbongo, wakaja wengine. Wengi wenu mliwapokea, familia mbili au tatu katika nyumba ya vyumba viwili. Na huko walikotoka, wengine walibaki, kwa sababu ya mgonjwa, ya mimba kubwa, ya shamba, au ya mzee aliyesema atakufia kwake. Je, hao nao tuwape jina la waliowakalia?

Na tuangalie upande wa kaskazini. Mtoto wa Oicha au wa Mbau akija kukimbilia kwetu, hatumwiti ADF. Tunamhurumia, tunamtafutia kiti darasani. Kwa nini wa Goma tumwite kwa jina la wale walioingia mjini kwao na bunduki?

Mtu atasema ni utani wa watoto. Hapana. Katika jimbo letu tumeona neno "mpelelezi" likianza kama utani njia panda na kuishia mtu amepigwa na kundi, hata kabla ya mtu yeyote kuuliza anaitwa nani. Jina la namna hii likimshika mtoto wa miaka 17 anayetembea peke yake kwenda kuchota maji, hatujui nani atalisikia na atalifanyia nini. Hilo ndilo limetunyima usingizi.

Tulifanya nini? Tulizungumza na mwalimu wa darasa, mwenzetu. Hakuanza na fimbo. Aliwapa kazi ya kuandika: siku ambayo wewe au mtu wa kwenu alikimbia, mlibeba nini? Aliuliza kwanza ni nani hana la kuandika. Hakuna mkono ulioinuka. Mmoja wa wavulana wale wawili aliandika kwamba yeye ni mzaliwa wa Kirumba, na kwamba walipokimbia alibeba kuku aliyekufa njiani. Hajaomba msamaha. Jina limepungua, halijaisha. Juzi limeonekana limeandikwa kwenye meza. Lakini sasa binti yetu hakai peke yake tena wakati wa mapumziko.

Sisi tulimwomba msamaha, mbele ya watu walewale waliokuwa mezani, isipokuwa mgeni mmoja aliyekuwa safarini.

Basi tunawaomba mambo machache, yasiyo na gharama.

Mgeni wa vita akifika kwako, mpe maji ya kuoga, mpe chakula, mwonyeshe mahali pa kulala. Maswali yasubiri. Yakija, yaje ninyi wawili mkiwa na kazi mkononi, si mbele ya kikundi.

Tuchunge tunayosema watoto wakiwa karibu. Wavulana wale hawakuvumbua neno lile. Walilisikia kwa wakubwa, na wakubwa ni sisi.

Ukimpigia ndugu aliye Goma, usimuulize nani anatawala vizuri au vibaya. Unaweza kumtia hatarini, naye hawezi kukujibu. Muulize maji, makala, bibi, shule. Hapo utapata habari zote unazohitaji.

Na tujifunze kutoka kwao, maana vita haviko mbali na sisi. Weka vyeti vya kuzaliwa, buletini na kadi za chanjo ndani ya plastiki moja, mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua. Usiache pesa yote kwenye simu au benki. Kidogo kiwe nyumbani, kwa noti ndogo na nzima. Wafundishe watoto namba mbili za simu kwa kichwa, kwa sababu simu inaweza kupotea au kuzimika. Kubalianeni mahali pa kukutania, na nani atambeba mzee.

Jumapili iliyopita tulizungumza na yaya. Sauti ilikuwa ikikatika. Aliuliza kama sambaza zilifika zote kilo mbili, tukasema zilifika. Akauliza, "Na mtoto, wamempokea vizuri?" Tulinyamaza kidogo. Kisha tukasema, "Tunaendelea kumpokea." Alicheka, akadhani ni matatizo ya laini.

Kwenye mkutano wetu ujao, mwenye daftari au kalamu ya ziada alete. Binti huyu si peke yake. Katika shule zetu kuna watoto wengi wa Goma, Kanyabayonga na Kayna ambao mizigo yao ilibaki njiani. Na kabla ya kuja, kila mmoja aulize watoto wake jioni moja: darasani kwenu, nani amepewa jina asilolipenda?

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.