Eti "Wanawake Wanahimizwa Kutuma Maombi"

Kuna sentensi moja hukosi kuiona kwa tangazo la kazi ya serikali. Iko pale chini kabisa, baada ya mambo ya digrii na cheti cha tabia njema, imeandikwa kwa upole kama dua: wanawake na watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi.

Tumehimizwa. Walahi tumehimizwa hadi tumechoka. Binamu yangu ana digrii ya uhasibu na barua kumi na moja za maombi kwa flashi. Juzi akaitwa intavyuu hapa Garissa, ofisi siitaji. Mezani wanaume watano, na mwanamke mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuandika wanachosema wale watano. Swali la tatu: "Na ukiolewa Mandera, hii kazi utamwachia nani?"

Nikauliza vijana watatu waliokuwa foleni hiyo hiyo kama kuna aliyeulizwa akioa itakuwaje. Wakacheka. Walidhani natengeneza vidio.

Sasa, Katiba kifungu cha 27 inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, kwa mimba au kwa hali yake ya ndoa. Iko hapo tangu 2010. Na hii ndiyo inaniudhi, wasee: Kenya hatuna shida ya kuandika sheria. 2006 Rais Kibaki aliagiza asilimia 30 ya nafasi kwa utumishi wa umma ziende kwa wanawake. Sheria ya Ajira ya 2007 ikatupa likizo ya uzazi ya miezi mitatu na mshahara kamili, na ikamwambia mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Sheria ya Afya ya 2017 inataka kila mwajiri awe na mahali pa mama kunyonyesha. Niambie umeona hapo mahali wapi. Nilifanya atachi ofisi moja na kulikuwa na mama anakamua maziwa yake stoo, katikati ya matairi na maboksi ya faili, mlango ameuegemeza kiti. Mimi mwenyewe hiyo miezi mitatu nilitoka na ujuzi mmoja, kupika chai ya watu kumi na wanne. Wavulana wawili tulioanza nao siku moja walipelekwa fildi hadi Dadaab, na posho juu.

Nairobi nao si wa kutufundisha. Katiba inasema chombo cha umma kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya jinsia moja. Bunge likakataa kutunga sheria ya kutimiza hilo, mwaka baada ya mwaka, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje. Halikuvunjwa. 2022 Kenya Kwanza wakaahidi baraza la mawaziri nusu kwa nusu. Mawaziri 22 wakatajwa, wanawake 7. Piga hesabu: theluthi moja ya 22 ni saba na kitu. Yaani hata hiyo ndogo hawakufika.

Lakini leo sitaki kumalizia hasira yote Nairobi, kwa sababu huku kwetu tumezoea kulaumu Nairobi ndio tusijiangalie.

Garissa ina maeneo bunge sita. 2022 yote sita yalienda kwa wanaume. Wajir hivyo hivyo, Mandera hivyo hivyo. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneo bunge Kaskazini Mashariki nzima alikuwa Sophia Abdi Noor, Ijara, 2017. Uhuru 1963, yeye 2017. Mwaka huo huo wa 2022 ambao sisi tulirudi sufuri, Kenya ilichagua magavana wanawake saba, na mmoja ni Fatuma Achani wa Kwale, kaunti ya Waislamu wengi kama sisi. Kwa hivyo ile komenti ya "dini hairuhusu" usiniletee. Bi Khadija alikuwa na biashara yake na ndiye alimuajiri Mtume (S.A.W.) kusimamia msafara wake. Alimuajiri. Soma tena hilo neno.

Shida yetu inaitwa maafikiano. Kabla ya uchaguzi wazee wa ukoo wanakaa, wanagawa: ugavana kwa hawa, useneta kwa wale, hiki kiti tumeshikilia sasa ni zamu yenu. Wanasema inaleta amani, na sitadanganya, kuna mahali imezuia damu. Lakini ndani ya hicho kikao mwanamke yuko wapi? Yuko nje anapanga vikombe. Ukoo unagawana amani kati ya wanaume, halafu sisi tunaambiwa tuipigie kura.

Na kuna ujanja. Garissa ina wadi 30. Tuseme wanaume wameshinda zote. Katiba inalazimisha uongeze wanawake wa kuteuliwa, kama 15, ndio theluthi ifike. Sheria imetimia, ripoti inaenda Nairobi safi. Lakini huyo MCA wa kuteuliwa hana wadi. Hana barabara ya kuonyesha, na jina lake liliwekwa kwa orodha ya chama na mtu fulani ambaye anaweza kulitoa mara ijayo. Akisimama kupinga bajeti, anampinga aliyemleta. Hapo tumehesabu vichwa tu, nguvu imebaki palepale. Sisemi viti hivyo vifutwe, kuna wamama wanavifanyia kazi ngumu sana. Nasema visitumike kutunyamazisha.

Mtaniambia wanawake waliosoma ni wachache. Kweli, na kwa nini? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa ya mtu mmoja, watoto tulikuwa wawili, na hakuna aliyeuliza nani ana gredi nzuri. (Nilikuwa mimi. Kaka yangu anajua na anasoma hii.) Tena pesa yenyewe ilitoka kwa habaryar yangu anayeuza maziwa ya ngamia Soko Mugdi tangu kabla nizaliwe. Nenda pale alfajiri uone nani anaweka huu mji hai. Nusu ya wanaume wanaosema hawawezi kuongozwa na mwanamke wamekula asubuhi pesa ya mwanamke.

Hata kitambulisho. Hadi Februari 2025, Rais Ruto alipotangaza Wajir kwamba msasa umeisha, ilibidi sisi wa huku tupite mbele ya kamati yenye wazee ndio tuonekane Wakenya. Na bila kitambulisho hakuna kazi ya serikali. Kila geti, wazee walewale.

Sasa mimi nafanya hivi. Kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Raia yeyote anaandika barua kwa ofisi ya umma, na wana siku 21 za kujibu. Nauliza vitu viwili: wanawake wangapi wameajiriwa, na wako kwa gredi gani. Hiyo ya gredi msisahau, kwa sababu watakuhesabia wafagiaji na kukuambia asilimia imefika. Barua yangu napeleka Jumatatu asubuhi na nitataka igongwe muhuri. Siku ya 22 naposti, jibu likiwepo au lisiwepo.

Binamu yangu bado hajapigiwa simu.