Pete za Ndoa Zetu Zatoka Wapi?

Kijana wa Rubaya aujua uzito wa koltani kwa mgongo wake, na yule wa Bisie aijua kasiteriti vivyo hivyo. Walikale yatoa hata dhahabu. Lakini siku mmoja wao anaposimama altareni kufunga ndoa, pete anayomvisha mwenziwe mara nyingi imenunuliwa dukani Goma, imetoka nchi za mbali, na pengine si dhahabu hata chembe. Madini twayabeba, kuyafua tumewaachia wengine.

Aibu hii si ya vijana peke yao. Sisi wa vyama vya walei twapenda kuwaonya waache mashimo, lakini mkononi hatuwapi hata nyundo.

Wako wanaosema kwamba mapambo ni ubatili usiomfaa Mkristu. Wasome tena Kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Mungu amjaza Bezaleli roho yake, na tunda lake ni ustadi wa kufua dhahabu, fedha na shaba, na kuchonga vito. Naye Mtakatifu Eligius, askofu wa Noyon huko Ufaransa katika karne ya 7, alikuwa mfua dhahabu kabla ya uaskofu. Yasimuliwa kwamba mfalme alimpa dhahabu ya kiti kimoja, naye akamrudishia viti viwili. Kwetu, ambako mchimbaji hulalamikia mizani kila siku, ningependa mtakatifu huyo ajulikane zaidi.

Tena ufundi huu si mgeni. Katika karne ya 19 watu wa misitu ya magharibi ya Ziwa Kivu walisuka pete za nyuzi za mimea zilizoitwa butega. Zilifika hadi Rwanda, ambako wanawake walizivaa miguuni kwa wingi, na sokoni zilipokelewa kama fedha. Fikirini: fedha iliyosukwa kwa vidole! Banyanga wa Walikale nao walikuwa na butea zao za nyuzi za mwale, zilizoingia hata katika mahari.

Sishauri kuanza na dhahabu. Yavuta wenye bunduki, na mwanafunzi huharibu mengi. Aanze na waya wa shaba: ukiufua huwa mgumu, ukiuchoma hadi uwe mwekundu hulainika tena, na hapo mkono hujifunza subira. Masisi ina ng'ombe. Pembe ikipashwa moto hulegea, hukatwa, husuguliwa mpaka ing'ae. (Za ndovu tusiziguse kamwe.) Mbegu za machozi ya Yobu zina tundu la asili, hivyo rozari yaweza kuwa somo la kwanza.

Nakiri kwamba bangili haitalisha nyumba mwezi wa kwanza, na barabara ikifungwa hakuna mnunuzi atakayefika. Ndiyo maana parokia iwe mnunuzi wa kwanza: rozari za komunyo, misalaba ya kipaimara, pete za ndoa. Shaba huacha rangi ya kijani kidoleni. Wachumba waambiwe mapema.

Katika mkutano ujao, kila kundi liulize ni mama gani au mzee gani, kati ya waliokimbia vita na kupokelewa kwetu, ambaye bado ajua kusuka au kufua. Aombwe kufundisha, naye alipwe, hata kama ni kwa chumvi na sabuni.