DAMU YA KITOVU SI MALI YA DUKANI

Mtu akiulizwa kwao ni wapi, hujibu: pale kilipozikwa kitovu changu. Hivyo ndivyo asemavyo hata mwana wa Ipililo, mkoani Simiyu. Lakini leo wako wafanyabiashara wa nchi za nje wanaowaambia wazazi kwamba damu inayobaki kitovuni ni akiba. Walipe ada kila mwaka, nayo itawekwa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ili mtoto akiugua siku za mbele imponye.

Hatusemi kwamba damu hiyo haina nguvu. Mwaka 1988, mjini Paris, Daktari Eliane Gluckman na wenzake walimtibu mtoto wa Kimarekani aliyekuwa na ugonjwa wa damu wa kurithi. Walimtilia damu ya kitovu cha dada yake mchanga, naye akapona. Tangu hapo maelfu ya wagonjwa wametibiwa hivyo, kwani ndani yake mna seli shina zinazozaa damu mpya.

Basi ubishi wetu ni nini? Ni kwamba mzazi huuziwa tumaini ambalo halimfai. Adui mkubwa wa damu za watoto wetu wa Kanda ya Ziwa ni sikoseli. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Ugonjwa huu ni wa kurithi, kwa hiyo damu ya kitovu cha mtoto huyo ina kasoro ile ile. Kumwekea yeye mwenyewe ni kuweka ghalani mbegu iliyooza. Kinachoweza kumponya ni damu au uboho wa mwingine anayelingana naye, na kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana bahati moja tu kati ya nne ya kulingana naye. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kazi hiyo ya kupandikiza uboho kwa watoto wenye sikoseli mwaka 2023. Hiyo ni fahari yetu sote.

Na asiye na ndugu wa kulingana naye, je? Huyo humtegemea mgeni, na katika madaftari ya wachangiaji ya ng'ambo Waafrika ni wachache mno. Hapa ndipo wakulima wa pamba wa Usukuma wanapotufundisha. Walipochoka kupunjwa kwenye mizani, hawakusema kila mtu anunue mizani yake nyumbani. Walijiunga, na mwaka 1955 vyama vyao vikawa Shirikisho la Victoria. Damu nayo yataka ushirika. New York ilianzisha benki ya umma ya damu ya kitovu mwaka 1992: mama hutoa bure, na mgonjwa yeyote anayelingana nayo hupewa. Sisi Waafrika ya Mashariki twashindwaje kuanza yetu?

Lakini kabla ya benki, mwenye haki ya kwanza ni mtoto mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, isipokuwa mtoto akihitaji kusaidiwa kupumua upesi. Damu inayomwingia wakati huo humpa madini ya chuma ya miezi mingi. Akiba hii haina ada, wala haihitaji umeme. Hata zahanati ya kijiji yaiweza.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Mkunga asiharakishe mkasi. Kila mtoto mchanga apimwe sikoseli, ili anayeugua aanzishiwe dawa mapema. Na serikali za Afrika ya Mashariki zishirikiane kujenga benki ya umma.

Kitovu cha mwana wa Ipililo na kizikwe kwao kama desturi. Damu yake iwe yake kwanza, kisha ya taifa. Isiwe ya mchuuzi.